Wino Mwekundu Haumfunzi Mtu Kuandika

Mzazi akifungua daftari la mwanawe na kulikuta limejaa wino mwekundu, huridhika: mwalimu anafanya kazi. Mwalimu mkuu huridhika pia, na mkaguzi vivyo hivyo. Anayesahaulika ni mwanafunzi, ambaye hutazama maksi, akaguna au akatabasamu, kisha akafunua ukurasa mpya na kuandika insha nyingine yenye makosa yale yale.

Imani kwamba mtoto hujifunza kuandika kwa kusahihishiwa kila kosa haina mashiko. Anayefanya zoezi hapo ni mwalimu, ambaye tayari anajua. Darasa la wanafunzi 50, kwa dakika 10 kila daftari, linamla saa nane na ushei, nyingi zikiwa za usiku, kwa kazi ambayo mwanafunzi hataitazama tena.

Mwaka 1983 Richard Haswell, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, alichapisha makala fupi iliyopaswa kuwatua walimu mzigo huu. Makosa ya tahajia na uakifishaji hakuyasahihisha. Alitia alama pambizoni, kwenye mstari wenye kosa, bila kusema ni kosa gani, akawarudishia wanafunzi walitafute wenyewe. Zaidi ya nusu ya makosa waliyarekebisha bila msaada. Kumbe walikuwa wanajua. Hawakuwa wamelazimika kuisoma kazi yao.

Na hayo ndiyo makosa madogo; makubwa ni ya mpangilio na hoja. Mwaka 1980 Nancy Sommers, naye wa Marekani, alilinganisha jinsi wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20 walivyopitia upya maandishi yao. Wanafunzi walibadilisha maneno: hili wakalitoa, lile wakalitia. Wazoefu walihamisha, wakafuta, wakajiuliza hoja yao hasa ni ipi.

Soma sasa insha za watoto wa Kenya. Mhusika hurauka alfajiri na mapema, majogoo wakiwika. Huoga, hustaftahi, huaga wazazi, hushika njia. Kisa chenyewe, tuseme ajali ya matatu, huanza ukurasa wa pili na kumalizwa kwa sentensi tatu kwa kuwa muda umeyoyoma. Mwalimu anaitia vema misemo yote ile, anapigia mstari "walikua" palipofaa "walikuwa", anaandika 14/20. Hakuna anayemwambia mtoto afute ukurasa wa kwanza mzima, aanzie pale breki zilipokataa. Kazi hiyo ingekula kipindi kimoja tu, na ingemfunza kuliko insha tatu mpya.

Watetezi wa kalamu nyekundu hukimbilia mtihani. Karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hudumu saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Ni kweli, hapo hakuna nafasi ya kuandika upya. Ila kuigeuza kila wiki ya miaka minne ya sekondari kuwa mazoezi ya karatasi moja ni kukosa imani na somo lenyewe. Tena aliyezoea kukata utangulizi wake darasani huingia chumba cha mtihani akijua pa kuanzia.

Kalamu yenyewe isitupwe. Mtafiti John Truscott alipodai mwaka 1996 kwamba masahihisho ya sarufi kwa wanaojifunza lugha ya pili yaachwe, mtafiti mwenzake Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba ni mapema mno kukata shauri hilo. Ferris ana hoja. Mtoto asiyezungumza Kiswahili nyumbani, anayeandika "gari yangu ilianguka" kila mara, anaweza kuoneshwa mstari ule mara kumi asilione kosa la upatanisho. Hilo afundishwe, kosa moja au mawili kwa wakati, badala ya kurushiwa ishirini kwa mkupuo.

Makosa mengine yarudi kwa mwanafunzi mwenyewe. Insha ilale siku tatu, isomwe kwa sauti mbele ya jirani wa dawati, ambaye kazi yake ni kusema alipochoka kusikiliza. Aya hiyo iandikwe upya au iondolewe. Maksi zitolewe kwa nakala ya pili pekee, na ile ya kwanza ibanwe nyuma yake, mikato na mishale yote ikionekana.