Ufundi wa Magari ya Zamani Usizikwe na Wazee

Majuzi nilinunua MGB la mwaka 1965, lile gari la Kiingereza la watu wawili ambalo paa lake hukunjwa. Kutu ya bahari niliitarajia. Msiba ulianzia kwenye betri. Fundi kijana aliifunga kama alivyozoea, waya wa hasi kwenye bodi. Mita ya mizunguko ya injini ikafa palepale.

Nikamwita fundi mzee wa Majengo. Alitazama, akatabasamu: "Mwanangu, hili huenda kinyume. Chanya ndiyo ya bodi." Kweli, MGB zote zilifungwa hivyo hadi 1967.

Simlaumu kijana, yeye amesomea magari ya kompyuta. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, basi magari haya hayaongezeki, na wanaoyajua wanapungua. Vipuri vyaweza kuagizwa Uingereza. Ujuzi je, tutauagiza wapi?

Mzee amekubali kulitengeneza, nami nimeweka sharti moja: kijana akae ubavuni mwake, ashike spana. Penye wazee haliharibiki neno. Wenye gereji, wakalisheni vijana wenu na wazee hao wakingali hai, inshallah.