Kuchangishwa Si Kushirikishwa



Sote tunajua jinsi boma la zahanati linavyoinuka. Mwenyekiti wa kijiji hutangaza, na kila kaya hupangiwa fungu lake: ndoo za mchanga, mawe, siku za kuchimba msingi, na fedha ya saruji. Asiyetoa huandikwa jina. Katika vijiji vya parokia zetu kazi hiyo tumeifanya, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwaogopa mgambo, na kuta zimepanda hadi usawa wa linta. Kisha husimama hapo. Masika hupita juu yake, na masika nyingine, mbuzi wakijikinga jua ndani yake, mpaka siku atakapokuja mheshimiwa kutuambia kwamba mabati yamo katika mpango.

Mpango upi huo, nao ulipangwa na nani?

Katika kijiji kimoja miongoni mwa vile tunavyovihudumia, akina mama walisema neno lile lile miaka miwili mfululizo. Walisema kinachowaua ni mto. Tangu mwezi wa Machi hadi Mei mto hufurika ukawatenga na kituo cha afya chenye chumba cha kujifungulia. Wakaomba nyumba ndogo karibu na kituo, yenye vyumba viwili, jiko na choo, ambamo mjamzito angekaa majuma yake ya mwisho akisubiri siku yake. Matofali walikuwa tayari kuyafyatua wenyewe. Mpango wa mwaka uliposhuka kutoka wilayani ulikuja na uzio wa kuzunguka kituo. Uzio ni kitu kizuri. Ng'ombe walikuwa wakiingia. Lakini masika hiyo mama mmoja alijifungulia ukingoni mwa mto usiku, chini ya turubai, mbele ya mkwe wake na kijana wa baiskeli. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Sisi tuliomzika mtoto huyo hatusemi kwamba aliyeandika uzio alikuwa mtu mbaya. Hakuwa ameuliza. Na hao waliokuwa na jibu hawakuwa na mahali pa kulipeleka likasikika.

Tukumbuke jinsi Bwana wetu alivyomtendea Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Upofu wake ulionekana na wote waliokuwa njiani, na hapakuhitajika mtaalamu kuutambua. Hata hivyo Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Mwenye uwezo wote aliuliza; sembuse afisa mipango? Tena tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujifungia chumbani kuandaa ratiba mpya ya mgao. Waliukusanya umati wa wanafunzi wakawataka wachague watu saba wenye sifa njema, nao umati ukachagua. Kanisa lilipokabiliwa kwa mara ya kwanza na tatizo la huduma za jamii, lililitatua kwa mkutano.

Hata hivyo, haki hii haikutungwa na sisi watu wa kanisani peke yetu. Mwezi wa Septemba 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata katika Kazakhstan ya Kisovieti, yalitamka katika kifungu cha 4 cha azimio lao kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Yatupasa kulitazama vema neno kupanga, kwa maana ndilo linalodondoka njiani kila azimio linaposhuka kuelekea vijijini. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana huko Bamako juu ya mapatano ya namna hii: wananchi wachangie gharama za dawa, nao kwa upande wao wapewe usemi katika kuisimamia fedha hiyo. Palikuwa na pande mbili za mapatano.

Upande wa kwanza ulitimizwa haraka. Hapa Tanzania uchangiaji katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanzishwa kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Mwaka 2018 ukaja mfuko ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na usimamizi wake ukapandishwa kutoka wilayani hadi mkoani. Mwezi wa Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hatuipingi bima, mgonjwa asiye na kitu ndiye wa kwanza kuihitaji. Tunalosema ni kwamba katika safari hiyo yote mkono wa kutoa umeitwa kila mara kwa jina lake, lakini kinywa cha kusema hakikuitwa. Kila ngazi ambayo mfuko umepanda, mwanachama wa kijijini amebaki chini akiwa ameshika kadi.

Watatujibu kwamba vyombo vipo. Ni kweli vipo, na tungekuwa waongo tukikana. Ibara ya 8 ya Katiba yasema mamlaka yote yatoka kwa wananchi, na Ibara ya 146 yaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, kuwa mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Kila halmashauri yapaswa kuwa na Bodi ya Afya yenye wawakilishi wa watumiaji wa huduma, na kila zahanati na kituo kiwe na kamati yake ya usimamizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zipo fedha zinazopelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo, hata kamati hizo sasa zina kitu cha kusimamia.

Lakini waulizeni wanakamati. Wengi hawakumbuki walichaguliwa lini, na baadhi waliteuliwa ofisini kwa mtendaji kwa kuwa nyumba zao zi karibu. Mikutano huitwa fedha inapotaka kutoka na saini inapohitajika. Katibu wa kamati ni mganga mfawidhi. Katibu wa Bodi ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Maana yake, anayepaswa kuulizwa ndiye mwenye kalamu ya kuandika kwamba aliulizwa. Hatuwalaumu waganga hao wafawidhi. Tunawajua: wengine wako peke yao zahanati nzima, huamshwa usiku, na mchana hutakiwa kujaza takwimu. Tunaulaumu mpangilio unaowaachia mzigo wa kuandika matakwa ya kijiji kizima ndani ya siku chache, huku ukomo wa bajeti ukiwa umekwisha kuwekwa juu, na vipaumbele pia.

Yapo majibu mawili tunayopewa kila tunaposema haya.

La kwanza ni kwamba afya ni utaalamu, na mwananchi wa kawaida hauwezi. Nani aliyedai kumfundisha daktari kupasua? Kiasi cha dawa, aina ya chanjo na namna ya kumshona mtu hayo ni yao, nasi twawashukuru. Lakini siku ya gulio ambayo mama hawezi kuja kliniki, mto unaofurika, lugha anayotukaniwa mzee dirishani, mjane mwenye haki ya msamaha wa malipo asiyejua amwone nani: mambo hayo hayamo katika chuo chochote cha uganga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

La pili ni kwamba wananchi hawaji mikutanoni. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na linatuuma. Mbona katika mazishi tunajaa? Watu huenda mahali ambapo kufika kwao kuna maana. Mtu aliyeitwa mara tatu kusikilizishwa mambo yaliyokwisha kukatwa, mara ya nne huenda shambani, na hatuoni kosa lake. Mwiteni kabla ya kukata shauri, mpeni orodha ya fedha iliyopo, hata kama ni kidogo, mwambieni achague kati ya uzio na nyumba ya wajawazito. Hapo ndipo mtajua kama haji.

Tena tusijifanye watakatifu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilisema waziwazi kwamba anayethubutu kuwahubiria wengine haki lazima awe mwenye haki yeye kwanza machoni pao. Kanisa nchini humu lina hospitali nyingi. Baadhi ni hospitali teule za wilaya, na tangu makubaliano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa, huduma hizo zinatambuliwa kuwa sehemu ya huduma za taifa. Je, ni lini mara ya mwisho hospitali yetu yenyewe ilipoisomea Halmashauri ya Walei mpango wake wa mwaka? Nani aliyetuuliza kabla ada ya kumwona daktari haijapanda? Mwakilishi wa mashirika ya dini katika Bodi ya Afya ya wilaya hukaa kwa niaba yetu. Wengi wetu hatumjui kwa sura. Mafundisho ya Kanisa, tangu waraka wa Papa Pio XI wa mwaka 1931, yanatufundisha kanuni ya auni: lile ambalo walio chini wanaweza kulitenda, wa juu asiwanyang'anye. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya serikali peke yake. Tumeamua, kwa hiyo, kuuomba uongozi wa hospitali zetu ufungue vitabu vyake mbele ya walei kabla hatujaenda kumgongea Mkurugenzi wa Halmashauri.

Kwa upande wa serikali, jambo kubwa ni wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wake huandikwa miezi mingi kabla. Anayekuja kuuliza mwezi wa Juni amekuja kusomewa tanzia. Kwa sababu hiyo tunaziomba Jumuiya zote zilizungumze jambo hili katika mikutano yao ya Oktoba, pamoja na jirani zetu Waislamu na ndugu wa madhehebu mengine, kwa kuwa mto haumchagui mtu kwa dini yake. Kila Jumuiya iandike mahitaji matatu tu, la kwanza likiwa la kwanza kweli kweli, na mwenyekiti ayapeleke kwa barua kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, nakala kwa diwani, nakala kwetu. Nafasi ya mwanakamati inapokuwa wazi, Mkristo mwenye sifa asikimbie kuijaza kwa kisingizio kwamba hiyo ni siasa; na tupendekeze akina mama, ambao ndio wanaokaa kwenye benchi la kliniki.

Kisha katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata mtu asimame, kwa heshima na bila matusi, aombe kusomewa mambo mawili: fedha zilizoingia katika akaunti ya zahanati mwaka huu na zilivyotumika, na yale matatu yaliyoandikwa na wananchi, lipi limeingia katika mpango na lipi halikuingia, na kwa sababu gani. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Yakikosekana, yaandikwe kwamba yalikosekana, na nakala ya muhtasari iletwe katika ofisi ya parokia.