Rangi ya jeli: Amana iliyo mkononi mwa mpambaji wa kucha

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema.

Ndugu zetu Waislamu, huenda wapo watakaoshangaa kuiona safu hii ya Ijumaa ikizungumzia rangi ya kucha. Watasema kuwa umma una mambo makubwa zaidi ya hayo. Tunawaomba wavute subira. Jambo lenyewe kwa umbo ni dogo, wala halizidi upana wa ukucha. Lakini ndani yake mna swala, mna afya, mna riziki ya halali na mna uaminifu baina ya muuzaji na mnunuzi.

Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba mtu mmoja alitawadha, akaacha mguuni mwake mahali palipo kadiri ya ukucha bila ya kupata maji. Mtume (s.a.w.) alipomwona alimwamuru arejee akautengeneze udhu wake. Mtu yule akarejea, kisha ndipo akaswali. Tuizingatie kadiri hiyo: ni ukucha mmoja tu, na udhu haukutimia. Je, tuseme nini juu ya kucha 20 za mikono na miguu?

Mmoja wa dada zetu anayepata riziki yake kwa kupamba kucha ametuletea suala lake. Yeye na wenzake wawili wana saluni ndogo. Amewajia muuzaji akiwa na seti mpya ya rangi ya jeli, chupa zake na taa yake ya kukaushia, akiwaambia kuwa mfumo huu ni salama kuliko ule wa zamani, haukwaruziki, na tena "unapumua", hivyo hata mwanamke wa Kiislamu anaweza kutawadha nao. Wa kwanza kati yao anataka wanunue, kwa sababu wateja wanaiulizia kila siku na saluni ya jirani inayo. Wa pili anasita, kwani vidole vyake vimekuwa vikiwasha na kupasuka tangu alipoanza kuishika jeli. Wa tatu anauliza: tukiipaka kucha ya mwanamke anayeswali, dhambi ni yake au ni yetu?

Tunasema, kwa hakika wote watatu wamesema lenye maana, na kila mmoja anastahiki jibu.

Tuanze na kuijua bidhaa yenyewe. Rangi ya kawaida, ile ambayo wengi huiita kuteksi, hukauka kwa hewa na hufutika kwa asetoni kwa muda mfupi tu. Jeli si hivyo. Ni majimaji mazito ambayo, yakimulikwa kwa taa maalumu, chembechembe zake hushikana zikawa utando mgumu mfano wa plastiki. Utando huo hukaa wiki mbili hadi tatu bila kumenyuka. Kuuondoa kunahitaji kuziroweka kucha kwa asetoni kwa muda wa dakika 10 hadi 15, kisha kuukwangua taratibu. Jeli za namna hii zilienea sana katika masaluni ya dunia tangu mwaka 2010, na sifa yake kubwa inayouzwa ni hiyo hiyo ya kudumu.

Hapo ndipo penye mtihani wetu. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya 5, aya ya 6, ametuamuru tunaposimama kuswali tuoshe nyuso na mikono yetu, tupake maji vichwa vyetu, na tuoshe miguu yetu. Ukucha ni sehemu ya mkono na mguu, na chochote kinachozuia maji yasiufikie kinazuia udhu usitimie. Siku 14 za jeli ni swala 70 za faradhi. Mwanamke aliyepaka kwa ajili ya harusi ya Jumamosi anabeba deni hilo vidoleni mwake hali akijiona ameswali.

Wapo wanaosema: mimi hupaka ninapokuwa katika hedhi, wakati ambao swala imeondolewa kwangu. Kwa rangi ya kawaida maneno haya yana njia, kwa kuwa huifuta siku ya kutwaharika kabla ya kuoga. Ama jeli, siku zake huzidi siku za hedhi ya wanawake wengi. Hedhi ikikatika siku ya saba na jeli ingali imara, basi hata josho lenyewe halitimii, kwani maji hayakuenea mwili mzima. Na tumfikirie bibi harusi wetu. Anapambwa kwa jeli siku ya nikaha, na asubuhi yake anawajibikiwa na josho. Ni jambo la kusikitisha kwamba maisha ya ndoa yaanze kwa josho lisilotimia, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Na ajali haina miadi. Fikirini hali ya wanawake wanaomwosha marehemu, wakakuta kucha zimefunikwa kwa utando usiotoka kwa maji wala kwa sabuni. Watalazimika kutafuta asetoni na pamba katika saa ile ya msiba.

Ama dai la rangi "inayopumua", si jipya. Kampuni ya Inglot ya Poland ilitoa rangi ya namna hiyo iitwayo O2M, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 mjadala wake ulienea miongoni mwa Waislamu wa nchi nyingi. Wapo walioipaka karatasini, wakadondosha tone la maji juu yake na kulisugua, kisha wakaona karatasi ya chini imelowa. Wengine wakayaona majaribio hayo kuwa hayatoshi. Sisi tunasema kuwa kupita kwa hewa au mvuke ni jambo moja, na kufika kwa maji ya kuosha ni jambo jingine. Karatasi si ukucha, na tabaka moja jembamba si tabaka mbili au tatu zilizokaushwa kwa taa. Udhu ni wajibu wa yakini, na yakini haijengwi juu ya neno lililobandikwa kwenye chupa. Mwenye kutaka kuswali na rangi hiyo na aulize kwa mwanachuoni anayemwamini, wala asimuulize muuzaji.

Sasa tumgeukie dada yetu wa pili, mwenye vidole vinavyowasha. Kuwashwa kwake si jambo la kupuuza. Ndani ya jeli nyingi mna kiungo kinachoandikwa HEMA, pamoja na ndugu zake wa jamii ya metakrilati. Jeli isipokauka sawasawa, au ikigusa ngozi kila siku, mwili unaweza kuanza kuikataa. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya mzio huu. Ukishampata mtu, kwa kawaida hubaki naye maisha yake yote. Na ubaya wake hauishii kwenye kucha, kwa kuwa viungo vya jamii hiyo hutumika pia katika dawa za kuzibia meno na katika saruji wanayotumia madaktari kushikiza viungo bandia vya mifupa. Binti anayejiharibia leo kwa ajili ya urembo, au kwa ajili ya ujira wa siku moja, huenda akapata tabu kwa daktari wa meno baada ya miaka 20.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2021 sheria za Umoja wa Ulaya zinataka bidhaa za kucha zenye HEMA ziandikwe kuwa ni za mafundi tu na kwamba zinaweza kuleta mzio. Tena, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, Umoja huo umepiga marufuku kiungo kingine, TPO, kinachoisaidia jeli kukauka chini ya taa. Hukumu hiyo ilitokana na majaribio ya wanyama yaliyoonesha madhara katika uzazi. Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu, kwani kuthibiti kwa mnyama wa maabara si kuthibiti kwa kila aliyepaka kucha. Lakini nchi zetu haziko chini ya sheria za Ulaya, na mali iliyokataliwa kwingine haikatazwi na chochote kutafuta soko penginepo. Basi fundi ana haki, bali ana wajibu, wa kuomba orodha ya viungo na kuisoma kabla hajatoa fedha yake.

Na hata jeli mpya isiyo na TPO ina masharti yake. Kila jeli hukubaliana na mwanga wa namna yake. Anayenunua chupa mpya akaendelea na taa ya zamani anaweza kuuona utando umekauka juu, kumbe chini yake bado ni mbichi, na ubichi huo ndio unaoleta mzio. Kwa hiyo gharama ya mfumo mpya ni chupa, taa, glavu za naitraili zinazobadilishwa mara kwa mara, na mafunzo ya kuutumia. Dada wa kwanza, anayehesabu faida, na aziingize zote hizo katika hesabu yake.

Tunabaki na suala la dada wa tatu: dhambi ni ya nani? Mwanamke mwenye akili timamu ndiye mwenye kuulizwa juu ya swala yake. Hata hivyo, fundi naye ana amana. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akautia mkono wake mtukufu ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni pakavu. Alimkemea kwa kuuficha unyevu ule, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hana nafasi pamoja nasi. Nafaka ile ilikuwa kavu kwa juu na mbichi kwa chini. Tunadhani mafanano yake na jambo letu hayahitaji maelezo. Fundi akimwambia mteja wake "hii inapitisha maji" hali hajui, ameuza asichokijua. Na akinyamaza hali anajua kuwa mteja anaswali, amenyamazia nasaha iliyo haki ya nduguye.

Hivyo basi, nasaha zetu kwa mafundi hawa na kwa wengine mfano wao ni hizi. Kwanza, asipakwe mtu jeli kabla ya kuulizwa kama anaswali na kuelezwa siku ambazo rangi itakaa. Suali hilo halimfukuzi mteja, linamjengea imani. Pili, wakinunua mfumo mpya, wachague ule wenye tabaka la chini linalobanduka zima zima bila asetoni. Haudumu sana, lakini kwa mwanamke anayetaka kujipamba katika siku zake na kuuvua kabla ya kuoga, kutodumu huko ndiko kunakomfaa. Tatu, huduma ya kuondoa iwe sehemu ya bei ya kupaka, ili mtu asibaki na utando kwa kukosa nauli ya kurudi, wala asiubandue kwa meno akaharibu ukucha wake. Nne, mwenye kuwashwa aache kuishika jeli na amwone daktari, kwani riziki ina milango mingi.

Mmoja wa milango hiyo uko nyumbani mwetu siku zote, nao ni hina. Rangi yake huingia katika ukucha wala haiachi utando, hivyo maji hufika. Tunatahadharisha tu juu ya piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, kwa sababu dawa hiyo huchoma ngozi na kuacha makovu. Hina safi ya majani haina haja ya nyongeza hiyo.

Hatuwezi kufunga bila ya kuwageukia wazazi na waume. Katika mitaa ya miji yetu tunawaona vijana wa kiume wakizunguka na vikapu vya rangi, wakiwaosha miguu na kuwapaka kucha dada zetu vibarazani. Vijana hao wanatafuta riziki, nasi hatuwatukani. Lakini mkono wa mwanamke wa Kiislamu haukuhalalishwa kushikwa na asiye maharimu wake. Kama tunataka binti zetu wahudumiwe na wanawake wenzao, basi tuzitegemeze saluni za wanawake waaminifu, tuwalipe kwa wakati, na tusiwaombe bei ya mtaani kwa kazi ya stara.

Tena, tuwafundishe binti zetu kwa upole. Uislamu haukumkataza mwanamke kujipamba ndani ya mipaka yake; umemtaka asimame mbele ya Mola wake akiwa twahara. Mama akae na binti yake kabla ya harusi, si kwa karipio, amwambie habari ya udhu na josho kama anavyomwambia habari ya mapishi na ya mume. Somo naye asilisahau hilo katika mafunzo yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mafundi wetu riziki iliyo safi na afya njema, azikubali swala zetu, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Wabillahi tawfiq.