Tunagombea Mlango, Jiko Liko Wazi

Ndugu msomaji, kama umekaa vijiweni hapa kwetu, iwe Tarime mjini, Sirari au Mugumu, na kijiwe chenyewe kina vijana wenye kompyuta, basi ugomvi huu unaufahamu. Mmoja anatumia Windows. Wa pili anatumia Ubuntu. Wa tatu anatumia Arch, na hawezi kumaliza dakika tano bila kukutangazia. Swali ni lile lile kila siku: gemu zinachezeka wapi vizuri? Hapo matusi ndipo yanapoanza. Wa Windows anamwita mwenzake maskini wa vya bure. Wa Ubuntu anajibu kwamba wa Windows ni mtumwa wa makampuni ya Marekani. Wa Arch anawacheka wote wawili, eti hao ni watoto, bado wanatafuniwa. Jua linazama, bando limekwisha, kila mtu anarudi kwao akiwa na hasira, na hakuna aliyetengeneza kitu.

Nasema wazi: ugomvi huu ni wa kipuuzi, na unatugharimu kuliko tunavyodhani.

Kwa wale ambao hawajaingia kwenye mambo haya, nieleze kidogo. Windows ni mali ya kampuni. Unaruhusiwa kuitumia, lakini huruhusiwi kuona ilivyopikwa. Linux ni kinyume chake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wake wa programu huria, na mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, akatoa kiini cha mfumo ambacho mtu yeyote anaweza kukichukua, kukisoma, kukibadilisha na kumgawia mwenzake. Debian ya mwaka 1993, Arch ya 2002, na Ubuntu aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, zote ni matawi ya mti huo mmoja. Ubuntu maana yake ni utu. Na sisi tunalitumia jina hilo hilo kutukania watu!

Sasa tuwatendee haki wagombanaji, maana kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Wa Linux anasema gemu siku hizi zinachezeka kwake. Ni kweli. Kazi ya Wine, inayowezesha programu za Windows zifanye kazi kwenye Linux, ilianza mwaka 1993. Agosti 2018 kampuni ya Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu ambayo ndani yake ni Linux iliyotokana na Arch. Maelfu ya gemu za Windows zinacheza humo. Aliyekuwa akisema Linux ni ya kuandikia barua tu, amepitwa na wakati.

Wa Windows naye anasema gemu zenyewe wanazozitaka watu hazikubali. Hilo nalo ni kweli. Fortnite na Valorant zina walinzi wao wa kuzuia wadanganyifu, na wenye nazo hawataki kuwafungulia watu wa Linux. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, mwaka 2024 wenyewe wakaufunga mlango.

Lakini hebu tuulizane ukweli, jamani. Huyu anayemwita mwenzake maskini wa vya bure, Windows yake aliinunua wapi? Alipigiwa na fundi kwa flashi, kwa elfu chache, na kampuni haikupata hata senti. Gemu zake nazo ni za kunakili. Yaani wote wawili wanakula bure, ila mmoja amekaribishwa na mwingine ameruka ukuta, na aliyeruka ukuta ndiye anayemcheka mgeni! Tena tangu Oktoba 2025 Microsoft waliacha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta zetu nyingi za mtumba haziikidhi Windows 11. Huyo anayejitapa leo, kesho ataikimbilia Ubuntu aliyokuwa akiitukana.

Na yule wa Linux anayejiona mteule, naye ashuke kidogo. Simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu, za Tecno na Infinix, kiini chake ni Linux. Mama anayepokea pesa kwa simu janja pale stendi anatumia Linux, na hajitangazi. Hata PlayStation 4 iliyomo kwenye vibanda vya gemu, ambapo watoto wanalipia mechi moja moja ya mpira, mfumo wake ulijengwa juu ya FreeBSD, ndugu mwingine wa programu huria. Sasa ujiko wako uko wapi, bwana?

Sisi ni watu wa Mara. Tunayajua makundi kuliko wengi. Mapigano ya koo ya Tarime yaliwaua watu, yakachoma nyumba, mpaka ikawekwa Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Wazee wale walikosea, lakini angalau waligombania ardhi na ng'ombe, vitu vinavyoshikika. Sisi watoto wao tuliosoma tunagombania nembo! Hatumiliki Windows, hatukuandika hata mstari mmoja wa Linux, lakini tumejigawa koo. Tumekuwa kama washabiki wa Simba na Yanga wanaovunjiana viti, wakati hakuna hata mmoja wao atakayeitwa uwanjani.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Uhuria wa mfumo hauna maana kubwa kwa mtu anayetaka kucheza tu. Kwa mchezaji, Windows na Linux ni milango miwili ya ukumbi mmoja, na wenye ukumbi wako mbali. Uhuria una maana kwa mtu anayetaka kupika. Mfumo huria umeliacha jiko wazi: sufuria hizi hapa, chumvi hii hapa, na namna ya kupika imebandikwa ukutani. Sisi tunagombea mlango.

Mambo haya si mageni kwetu. Mtazameni mzee anayecheza drafti. Hana leseni. Alichukua boksi, akachora miraba, akaokota vizibo vya soda, vya rangi moja vikawa vyake na vya rangi nyingine vikawa vya mpinzani. Bao nalo ni hivyo hivyo: mashimo 32, kete 64, ukikosa ubao unachimba mchangani. Babu zetu hawakungoja kampuni iwaruhusu kucheza. Iweje sisi wajukuu, wenye kompyuta, tungoje kila kitu kutoka nje?

Najua wasomaji wa jarida hili wengi ni watunzi, au mnataka kuwa. Mtasema, "Hayo ya kompyuta ni ya mafundi, sisi yetu ni kalamu." Hapana, ndugu zangu. Kuna programu huria iitwayo Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Ukijua kuandika aya unaijua nusu yake. Unaandika kipande cha hadithi, kisha unaweka maneno ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, na maneno hayo yanakuwa njia ya kwenda kipande kingine. Msomaji ndiye anayechagua apite wapi. Ukimaliza unapata faili moja dogo linalofunguka kwenye simu, unamrushia mwenzako kwa Bluetooth bila hata bando. Kuna Ren'Py, ya mwaka 2004, inayokuongezea picha na sauti. Na ukitunga humo, kazi ile ile moja inaweza kutolewa kwa ajili ya Windows, Linux na Android. Oneni ugomvi wa kijiweni unavyokosa maana! Na kuna Godot, huria tangu 2014, kwa atakayetaka kukimbiza watu na ng'ombe kwenye kioo.

Mtaniuliza, tutunge nini? Jamani, sisi wa huku tuulize swali hilo?

Fikirieni msichana wa miaka kumi na minne katika kijiji cha Serengeti, mwezi Desemba, msimu wa kukeketa umefika. Usiku anatoroka. Wewe mchezaji ndiye yeye. Kuna njia ya mahindi yenye giza, kuna barabara yenye bodaboda asiyemfahamu. Shangazi anakupenda, lakini ndiye aliyezungumza na ngariba. Utagonga kwake? Utatembea mpaka Mugumu kutafuta nyumba salama, au utarudi kwa sababu mdogo wako amebaki peke yake? Riwaya ingekuambia alichofanya. Gemu inakuuliza wewe utafanya nini, na ukikosea unayaona matokeo. Mvulana wa kijiweni ambaye hajawahi kufikiri habari za dada yake, kwa nusu saa atakuwa ndani ya viatu vyake. Hotuba ngapi za mkutano wa hadhara zimefanya hivyo?

Au mtungieni kijana wa Nyamongo anayechungulia kifusi cha mawe ya mgodi, baba akimkataza na tumbo likimtuma. Nyumbu wanaovuka Mto Mara wamepigwa picha na dunia nzima, na wageni wanazijua tabia zao kuliko wanavyozijua zetu. Tusipojitunga wenyewe, tutaendelea kuwa watu wanaopita nyuma ya picha.

Wapo watakaosema lugha ya kompyuta ni Kiingereza, kwa hiyo tusijisumbue. Hao wakumbushwe kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hakuna aliyelazimika kwenda kupiga magoti kwa kampuni. Kinachonisikitisha ni kwamba sijasikia hata mara moja kijiweni mtu akiitaja kazi ile, ilhali jina la kila gemu isiyochezeka Linux wanalijua kwa moyo.

Wapo pia watakaosema umeme unakatika, bando ni ghali, kompyuta ni mbovu. Yote ni kweli, nami ni mhitimu wa kidato cha nne ninayeyaishi. Lakini shida hizo hazijawahi kuwazuia kugombana! Gemu kubwa za ng'ambo zinahitaji makumi ya gigabaiti na mashine ya mamilioni. Hadithi ya Twine inatosha kwenye kompyuta ile ile mnayoichekea.

Basi nawataka wagombanaji wote, wa Windows, wa Ubuntu na wewe wa Arch, mfanye jambo moja. Kabla hujafungua kinywa tena kumdharau mwenzako, weka mezani kazi moja uliyoitunga wewe, ya Kiswahili, hata ikiwa ya kurasa kumi, hata ikiwa na makosa. Tuicheze, tuikosoe, tuirekebishe, tuwagawie wengine. Asiye nayo akae kimya awasikilize walio nayo. Nina hakika vijiwe vyetu vitakuwa na utulivu mkubwa kwa muda, na katika utulivu huo huenda mtu mmoja akaanza kuandika.