NYIMBO ZETU ZISIKAE KWENYE BANDO

Kama mtihani wa mwisho wa muhula ulikutoa kijasho, pole, hata mimi ulinitoa. Leo nimeshika kalamu si kwa sababu ya mitihani bali kwa sababu ya muziki. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako (Mwalimu mlezi wa chama anisamehe kwa neno hilo, si langu, ni la wahenga). Nami nasema kwamba wengi wetu hapa shuleni tunasikiliza nyimbo za kuazima. Hatuna wimbo hata mmoja ulio wetu.

Utasema, "Aah, mimi nina nyimbo elfu moja kwenye simu!" Hebu tuone. Zima data. Sasa cheza wimbo. Zimebaki ngapi? Kwa wengi ni tatu, nne, na mmoja wao ni mlio wa simu. Zile nyingine zinakaa kwenye kompyuta za watu wa mbali, nawe unalipia kuzisikia kila siku kwa bando. Bando likiisha, kimya. Mwenye programu akikosana na mwenye wimbo, wimbo unatolewa usiku, asubuhi hauupati na hakuna wa kumuuliza. Hata zilizo ndani ya simu hazina usalama. Kaka yangu alinyakuliwa simu dirishani mwa matatu ya 111 mwaka jana, na nyimbo mia nne alizokuwa amekusanya tangu kidato cha kwanza zikaenda nayo. Simu alinunua nyingine. Nyimbo hajapata hadi leo, nyingine hata majina hayakumbuki.

Maoni yangu ni kwamba kila nyumba ingekuwa na hazina yake ya nyimbo, iliyohifadhiwa kwa faili, ambayo watu wote wa nyumba hiyo wanaweza kuicheza bila bando. Wala si jambo la matajiri. Najua watu wakisikia jina Karen wanafikiria mageti makubwa na mbwa wakali. Sisi wa shule ya kutwa tunajua Karen nyingine, ya Kuwinda na ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya hayo mageti. Huko ndiko kunakopotea muziki mwingi, na ndiko ninakoandikia.

Tuanze na historia kidogo. Si mbali na shule yetu kuna nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka wa 1912 na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1986. Mama huyo, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu shamba lake la kahawa, anasimulia juu ya gramafoni aliyopewa na rafiki yake Denys Finch Hatton. Basi kumbe hapa kwetu watu walikuwa na mtambo wa muziki nyumbani karibu miaka mia moja iliyopita! Lakini jiulize: nyimbo walizoimba wale waliochuma kahawa kwenye shamba hilo ziko wapi? Gramafoni ile ilikuwa ya kuchezea tu, haikuwa ya kunasa sauti. Shamba liliuzwa mwaka wa 1931, wachumaji wakatawanyika, na nyimbo zikaondoka vinywani mwao. Nyumba imebaki, viti vimebaki, watalii wanalipa kuviona. Sauti za wafanyakazi, hakuna.

Sasa linganisha na wenzetu Wakipsigis. Mwaka wa 1950 bwana mmoja aitwaye Hugh Tracey alipita kwao na mitambo yake akanasa nyimbo zao, ukiwemo wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Waliligeuza mpaka likakaa vizuri mdomoni. Nakala zikaenda kukaa Afrika Kusini, kwenye hifadhi ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954. Ikapita zaidi ya miaka sitini kabla ya nyimbo hizo kurudishwa kijijini, kazi iliyofanywa pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya hapa Nairobi, na baadhi ya waliozijua walikuwa bado hai. Mimi nafurahi zilihifadhiwa. Lakini kwa nini mtoto angojee miaka sitini, tena kutoka nchi nyingine, ili asikie nyanyake akiimba?

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Babu yangu alifanya kazi ya bustani hapa Karen kwa zaidi ya miaka thelathini. Jioni alikuwa akirekodi redio. Alianza wakati stesheni ya taifa ingali inaitwa Sauti ya Kenya, akaendelea hata baada ya kuwa KBC mwaka wa 1989. Ana kaseti 63 kwenye katoni la sabuni. Mna benga, mna rhumba, mna taarabu, mna taarifa ya habari iliyokatwa katikati. Mna Leonard Mambo Mbotela akiuliza watu kama huo ni ungwana. Mzee Mbotela alituaga Februari 2025, na siku hiyo watu walihangaika mtandaoni wakitafuta sauti yake ya zamani. Babu alifungua katoni tu.

Kaseti moja si ya redio. Imeandikwa kwa kalamu "Ndoa, 1988". Humo nyanya, yaani shosho wangu, anaimba akiwa na kina mama wenzake. Alifariki nikiwa mtoto mchanga. Sauti yake sikuwahi kuisikia ila ndani ya utepe huo, na utepe wa kaseti si chuma: unanata, unaliwa na unyevu, unatafunwa na mashine, na kila mwaka unafifia kidogo. Duka moja mjini, jina lake nalihifadhi, lilipewa kaseti mbili za babu lizinakili. Likarudisha nyimbo zinazoenda mbio kama watu wanakimbizwa, na spika moja haina kitu. Pesa lilichukua zote. Tangu siku hiyo tuliamua kuifanya kazi wenyewe, nami nitaeleza jinsi inavyofanywa, maana sioni siri yoyote.

Kwanza mashine ya kuchezea. Redio kaseti yoyote nzima itafaa, ila kichwa chake kisafishwe kwa pamba iliyochovywa spiriti, na utepe uliolegea ukazwe kwa kuzungusha penseli kwenye tundu. Waya mmoja unatoka tundu la headifoni la redio hadi kwenye kompyuta. Hapa pana mtego: laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu, na halipokei sauti ya redio vizuri. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye USB. Yetu tuliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 400, baada ya kubishana. Sauti ya redio iwekwe chini, ipandishwe polepole. Ikizidi, inakwaruza na mkwaruzo hautoki tena. Programu ya kunasia inaitwa Audacity, ni ya bure. Kisha unabonyeza na kungoja. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90. Mimi huiwekea kaseti nikifanya hesabu za nyumbani, na nimegundua benga haisumbui hesabu, ila taarabu inasumbua kwa sababu unataka kufuata maneno.

Halafu swali la aina ya faili, ambalo watu wengi hawalifikirii. Sauti ikihifadhiwa nzima bila kubanwa, kwa kipimo cha CD, kaseti hiyo ya dakika 90 inakula kama megabaiti 950. MP3, uvumbuzi ambao Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walihusika nao sana, inaibana hadi kama megabaiti 86 kwa kutupa yale ambayo sikio halitayakosa sana. Neno ni "kutupa". Kilichotupwa hakirudi. Kuna aina nyingine, FLAC, iliyotoka mwaka wa 2001, ambayo inabana bila kutupa kitu. Faili yake huwa karibu nusu ya ile nzima. Kwa hivyo ushauri wangu: nyimbo za kawaida, MP3 zinatosha kabisa, usidanganywe na watu wa kujionyesha. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya 7,000 za dakika nne nne. Lakini sauti ya shosho wako, ambayo haiko kwingine duniani, iweke kwa FLAC.

Tukija kwenye mtambo wenyewe wa nyumbani. Sisi tunatumia laptopu kuukuu ya mjomba ambayo betri yake ilikufa zamani. Imewekwa juu ya kabati, nyimbo zote zimo, waya unaenda kwenye wufa. Ndani yake kuna programu ya bure (Jellyfin ni moja, Navidrome ni nyingine) inayogawa nyimbo kwa simu za nyumba nzima kupitia ruta. Na hapa ndipo watu hunibishia: "Waifai bila bando inafanyaje kazi?" Jamani, inafanya! Ruta ni kama njia ya ndani ya ploti. Bando ni nauli ya kutoka nje ya geti. Ukitembea kutoka chumba hiki hadi kile, nani atakudai nauli? Simu ya mama jikoni inachukua wimbo kutoka laptopu ya sebuleni na hakuna shilingi inayokatwa.

Stima je? Nilipiga hesabu. Laptopu ya wati 30 ikiwashwa saa nne kwa siku inakula yuniti 3.6 kwa mwezi mzima. Si bure, na wufa ina hesabu yake, lakini si ya kukosesha watu usingizi. Kweli, stima ikipotea mtambo unanyamaza, kama karibu nchi nzima ilivyonyamaza tarehe 25 Agosti 2023. Lakini zikirudi, nyimbo bado ziko pale pale.

Fauka ya hayo, majina. Faili iliyoandikwa "Track 07" ni sawa na kaburi lisilo na jina. Andika mwimbaji, wimbo, lugha, na mwaka kama unajulikana. Kwa hili kompyuta haisaidii, ni lazima uketi na mzee. Babu ananiambia, "Huyo ni D. O. Misiani, huyo si Misiani, sikiliza gitaa." Kwa jioni moja ya namna hiyo nilijifunza zaidi kuhusu nyimbo katika fasihi simulizi kuliko kwa muhula mzima wa kukariri sifa zake kumi. (Nasema hivyo kwa heshima zote.)

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya wazee, kijana afuate ya kisasa. Hao nawaelekeza kwa KMRU, kijana wa Nairobi ambaye muziki wake wa kompyuta unachezwa Ulaya. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, kama babu yake, yule mwimbaji mashuhuri aliyefariki mwaka wa 2018. Kijana huyo ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake kwa njia ya faili. Nani atamwita mshamba?

Wengine husema kunakili ni wizi. Hilo ni zito na silipuuzi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 ipo, na wale wa kujazia watu flashi kwa shilingi hamsini wanajua wanachofanya. Mwanamuziki hula kwa wimbo wake kama fundi anavyokula kwa kiti chake. Wimbo unaouzwa nunua, na hifadhi ulichonunua. Sizungumzi juu ya kuuza wala kusambaza. Nazungumza juu ya kaseti iliyo chini ya kitanda chako ambayo hakuna duka linaloiuza wala programu inayoicheza.

Naliomba basi jambo moja mahususi kwa Chama chetu cha Kiswahili. Chumba cha kompyuta hufungwa Jumamosi. Kifunguliwe Jumamosi mbili kwa mwezi, kila mwanachama alete kaseti moja ya kwao, hasa zenye nyimbo za arusi, za jando, za mazishi, za kubembeleza watoto. Redio kaseti nitaleta mimi, babu amekubali, mradi irudi jioni kabla ya taarifa ya habari. Kadi ya sauti tunayo. Kinachokosekana ni eksteno ya gigabaiti 500 au zaidi, na hata eksteno mbili, kwa sababu nakala moja si hifadhi. Ya pili ikae nje ya shule ili moto au mwizi akija asipate zote. Nani atakaa nayo, hilo tulijadili katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mimi napendekeza mkutubi, ila kuna wanaosema chumba cha mkutubi kinavuja.