Je, Mbwa wa Kuwinda Aifaa Nyumba Yako?



Mwezi uliopita vijana wawili wenye mashamba kando ya mto Daua, hapa Rhamu, walikuja nyumbani kwangu baada ya sala ya alasiri. Nyani wamewashinda. Wakilinda mahindi, nyani huingia katika matikiti. Wakikimbilia matikiti, huingia katika maembe. Usiku huja ngiri na nungunungu. Basi wamesikia ya kuwa huko Nairobi wako watu wauzao mbwa wa kuwinda, wenye miguu mirefu na mbio nyingi, nao wanataka kuchanga fedha wanunue mmoja. Wakaniuliza, "Mzee, wewe ulipata kuwa na mbwa wa namna hiyo. Je, tununue?"

Niliwajibu hapana. Lakini neno moja halitoshi, maana mtu aliyekatazwa bila kuelezwa sababu hungoja tu umpe kisogo. Kwa hiyo nimeandika sababu zangu hapa, ili hata ninyi wenzetu wa skimu za Bura, Hola, Perkerra na Mwea mzipime. Shamba la skimu ni dogo popote lilipo, na jirani yu karibu.

MBWA WANGU

Miaka mingi iliyopita rafiki yangu, dereva wa lori, aliniletea mtoto wa mbwa kutoka Nairobi. Mama yake alikuwa wa wale mbwa wembamba wakimbiao kama mshale. Alikuwa mzuri wa kutazama. Alipotimiza mwaka mmoja aliwafukuza nyani mara ya kwanza, nami nikajisifu katika soko lote la Rhamu. Siku ya nne nyani dume mkubwa hakukimbia. Aligeuka, akamshika mbwa begani, akampasua kwa meno. Tangu siku ile mbwa hakuwataka nyani tena. Lakini mbio zake hazikuisha. Zilibaki mwilini zikitafuta pa kutokea.

Akaanza kuchimba chini ya ua wa miiba na kutoka usiku. Mara nyingine alivuka mto wakati maji yamepungua, na ng'ambo ya mto ni Ethiopia, nami sikuwa na la kufanya ila kungoja arudi. Asubuhi moja jirani yangu alinijia polepole, amebeba mwana-mbuzi aliyekufa. "Adeer," akaniambia, kama wazee wa huku wawaitavyo vijana, "njoo uwaone wengine watatu." Hakupaza sauti. Afadhali angalipaza.

Mbwa yule hakumla mbuzi hata mmoja. Aliwakimbiza kwa kuwa walikimbia, akawauma kwa kuwa aliwafikia. Na mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka saba, alipojaribu kumwokoa mbuzi wake, aliumwa mkononi. Mbwa wangu hakuwa amechanjwa. Kosa hilo lilikuwa langu mimi, si la mtu mwingine.

Mama wa mtoto aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka mtoto Mandera kwa gari, akaanza kupigwa sindano. Mbwa alifungwa siku 10 akiangaliwa. Siku zile 10 sikupata usingizi, wala jirani yangu hakupata. Mwishowe mbwa hakuonyesha dalili ya ugonjwa, na mtoto akapona. Wazee walikaa chini ya mti, nami nikalipa mbuzi majike wanne walio karibu kuzaa badala ya wana-mbuzi wanne. Nililipa bila kunung'unika, kwa kuwa nilijua nilikuwa karibu kulipa nini. Mbwa alirudishwa kwa lori alikotoka.

MBWA HUYU ALIFANYWA KWA KAZI GANI?

Simlaumu mbwa. Mbwa wa kuwinda ni kazi ya mikono ya watu, waliochagua vizazi na vizazi wale wenye mbio na wasiochoka. Waarabu walimlea Saluki amfukuze swala jangwani kwa kumwona kwa macho. Watu wa Kongo wana Basenji, mbwa mdogo asiyebweka kama wengine, ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele shingoni wapate kujua aliko msituni. Greyhound wa Uingereza hukaribia mwendo wa kilomita 70 kwa saa katika mbio fupi. Vizsla wa Hungaria na Pointer wa Uingereza waliwekwa ili watembee mashambani kutwa pamoja na mwenye bunduki, wakimwonyesha ndege walikojificha.

Mbwa hawa hawafanani kwa umbo, lakini wote wana kazi ya kuwinda katika damu yao. Huko Ulaya mtu afugaye Vizsla mjini hutoka naye saa moja au mbili kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe. Asipofanya hivyo mbwa hutafuna viti, huchimba bustani, hulia mchana kutwa. Huku kwetu hakuna viti vingi vya kutafuna. Kuna mbuzi wa jirani.

SHERIA NA DINI

Labda utasema, "Mimi nitampa kazi yake. Nitawinda naye." Ndugu, haiwezekani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza neno hilo: kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na biashara ya nyama ya porini ni kosa. Mtu amtumaye mbwa amkamate digidigi au swala twiga amewinda, hata kama hana mshale mkononi.

Sasa nitasema kidogo juu ya dini, kwa kuwa wengi wetu hapa Rhamu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na hakuna nyumba ambayo jambo hili halitazungumzwa. Twajua ya kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini twajua pia ya kuwa mbwa wa kazi ameruhusiwa: wa kuwinda, wa kulinda mifugo, na wa kulinda shamba. Alaumiwaye ni mtu afugaye mbwa bila haja. Basi fikiri. Kuwinda kumekatazwa na sheria. Mifugo huyu haichungi, bali huiua. Shamba halilindi, maana hukimbilia kila kitu kitembeacho na kuliacha shamba wazi. Amebaki na kazi gani? Mwulize sheikh wako, lakini jiulize mwenyewe kwanza.

JOTO, MAJI NA CHAKULA

Hapa Rhamu joto hufika digrii 40 katika miezi ya kiangazi. Mbwa hatoki jasho kama mtu. Hujipoza kwa kuhema. Mbwa wa mbio hajui kujizuia, naye akimfukuza mnyama saa sita mchana aweza kuanguka akafa kwa joto. Kwa hiyo mazoezi yake ni alfajiri na magharibi tu, yaani saa zile zile ambazo wewe unahitajiwa kwenye pampu ya maji na kwenye zizi.

Tena kuna maji ya kunywa. Mbwa wa kilo 25 hunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na katika joto na kazi huhitaji hata mara mbili yake. Mto ukiwa umejaa hilo si neno. Lakini Daua hukauka, na wake zetu na binti zetu huchimba mchanga wa mto wapate kujaza mtungi. Na wakati wa ukame mkubwa wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, wengi wetu tuliona mifugo yetu ikifa huku tukitazama. Mtu aliyebakiwa na mbuzi sita baada ya hayo hawezi kumsamehe mbwa wako hata mmoja kati yao. Wala usimwombe amsamehe.

MAGONJWA

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa upande wa Nairobi, na mpaka leo upo. Mwaka 2014 nchi yetu ilianza mpango wa kuumaliza vifo vya watu vitokanavyo nao ifikapo mwaka 2030. Mtu akiisha kuonyesha dalili zake karibu hapana wa kupona. Lakini kabla ya dalili waweza kuzuiwa: osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile ukapate sindano. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mbwa wa mbio yu hatarini kuliko mbwa wa nyumbani, kwa sababu hukutana na mbweha na mbwa wa porini wasio na mwenyewe.

La pili ni mnyoo mdogo ambao mbwa huupata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mifugo yenye ugonjwa. Mayai ya mnyoo huo hutoka katika mavi yake, hushika manyoya yake, na mtoto anayemshika-shika huweza kuyameza. Baada ya miaka huota mfuko wa maji katika ini au mapafu ya mtu, nao huenda ukataka upasuaji. Ndugu zetu wa Turkana wanaujua ugonjwa huu vizuri. Kwa hiyo ukichinja, zika matumbo na maini mabovu shimoni, usimtupie mbwa. Na umpe mbwa dawa ya minyoo kama aagizavyo ofisa wa mifugo.

SASA TUWAFUKUZEJE NYANI?

Nawaona wale vijana wakiniambia, "Mzee, umetukataza, lakini nyani bado wako mashambani." Ni kweli, nami siwezi kuwapa dawa ya siku moja. Lakini niliyoyaona yakifaa ni haya. Lindeni kwa zamu kama kikundi, si kila mtu peke yake. Nyani huhesabu watu, na akimwona mlinzi mmoja humchezea. Zungusheni ua mnene wa miiba ya mathenge, maana mti huo umetujaa na kazi yake nyingine ni kutusumbua tu. Mazao wayapendayo nyani msiyapande ukingoni karibu na miti mikubwa ya mto. Wekeni huko vitunguu, ambavyo hawavipendi sana. Na wakizidi kuwa wakali, pelekeni habari kwa ofisi ya KWS.

Na mkitaka mbwa, chukueni mbwa wa kawaida wa huku, mtulivu, aliyezaliwa na mama asiyekimbiza mbuzi. Mleteni zizini akiwa mdogo wa miezi miwili, alale karibu na mbuzi, akue akiwajua. Mbwa wa namna hii kazi yake ni kubweka. Fisi akija hubweka, mwizi akija hubweka, nyani wakishuka hubweka, nawe ukaamka. Hashindani mbio na mtu. Ndiye amfaaye mwenye ekari mbili.

MASWALI MATANO

Ikiwa bado moyo wako wamtaka mbwa wa kuwinda, kaa na mkeo na watoto wako wakubwa, mjibu haya kwa kweli:

1. Je, yuko mtu katika nyumba yetu atakayemkimbiza mbwa huyu kila alfajiri na kila magharibi, hata wakati wa kuvuna, hata katika mwezi wa Ramadhani?

2. Je, tuna ua ambao hawezi kuuruka wala kuchimba chini yake?

3. Daua ikikauka, je, tutakuwa na maji na chakula chake bila kuwanyima watoto na mbuzi?

4. Je, tutamchanja kila mwaka na kumpa dawa ya minyoo?

5. Je, tumewauliza majirani, nao wamekubali?

Ukijibu ndiyo kwa yote matano, sina la kukuambia. Nenda kamchukue, naye atakuwa rafiki mwema. Mwenye shamba kubwa lililozungushiwa ua, lisilo na mbuzi wa watu, aweza kumfuga vizuri. Lakini ukijibu hapana hata kwa moja tu, mwache. Mbwa afungwaye kamba mchana na usiku kwa sababu hana nafasi anateswa, na sheria yetu yakataza kumtesa mnyama. Na mbwa afunguliwaye huleta habari kama ile niliyoletewa mimi asubuhi ile.

Wale vijana wawili walinisikiliza mpaka mwisho. Mdogo akaniuliza, "Yule mtoto aliyeumwa yuko wapi sasa?" Nikamwambia ni mtu mzima, ana shamba lake hatua mia kutoka langu, na mkono wake una kovu. Kila tukisalimiana naliona. Hanilaumu, naye ni mtu mwema. Lakini mimi ningependa mkono ule usingekuwa na kovu hata kidogo.