Kulinda bao au kutafuta la pili

Kulinda bao au kutafuta la pili ni uamuzi unaomkabili kocha wa mpira wa miguu timu yake inapoongoza kwa bao moja.

Mfano wake ni mechi ya Tanzania na Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa San-Pédro, Cote d'Ivoire, tarehe 21 Januari 2024. Taifa Stars iliongozwa na kaimu kocha Hemed Suleiman "Morocco", baada ya CAF kumfungia Adel Amrouche mechi 8. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia alitolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo bao la pili halikupatikana, na dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha.

Bao la pili haliongezi pointi, hivyo makocha wengi hawaoni sababu ya kujihatarisha. Lakini bila bao hilo, kosa moja tu hugharimu pointi 2. Tanzania ilitoka sare ya 0-0 na Kongo, ikaaga mashindano ikiwa na pointi 2. Kongo ilifuzu kwa pointi 3. Ushindi dhidi ya Zambia ungeifikisha Tanzania pointi 4.